Mbinya Amepitisha Mwezi Wake

…na bado anacheka, mkono wake wa kushoto umefungwa kwenye kibao kwa bandeji ili sindano ya dripu isichomoke, uchungu ndio umemwachilia sasa hivi tu, jasho halijakauka shingoni, na yeye anacheka, ananiambia, "Mwaitu, shuka chini kidogo, hapo unabonyeza mbavu," na mimi nashusha ngumi mpaka pale mgongo unapoishia, nabonyeza kwa nguvu zangu zote, na nguvu zangu si nyingi tena, lakini ananiita mwaitu, mama, na mtu akikuita hivyo nguvu unazipata mahali… Sista Gathoni amesimama upande wa dirisha anayatazama matone, midomo yake inacheza bila sauti, kisha anasogeza kile kigurudumu kidogo kwenye mpira na matone yanaongeza mwendo, "tunaongeza kidogo, mama, njia imeanza kulainika lakini inavuta miguu," anamwambia, na Mbinya anamjibu, "Ongeza tu, Sista, mimi niko hapa, siendi popote," hata yule mwanamke wa kitanda cha pili aliyejifungua jana anacheka mpaka anashika tumbo, mimi tu ndiye sicheki, mimi naiangalia ile chupa iliyoning'inizwa juu ya chuma, maji masafi kama ya kunywa, hayana rangi, na ndiyo yanauambia mwili wa mtu ufanye kazi uliyoikataa wiki mbili nzima… wiki mbili, na hesabu haikuwa na kosa, kliniki ya misheni ilipokuja Kanyangi kwa Landrova nesi alituuliza sote mara ya mwisho kuona mwezi ilikuwa lini, aliwauliza wale wajawazito nataka kusema, na wengine wakaangalia juu, huyu akasema ni wakati wa kupalilia, yule akasema ni kabla mbuzi wangu hajazaa, lakini Mbinya akasema, "Krismasi. Nakumbuka kwa sababu wenzangu walicheza na mimi nikakaa," nesi akacheka, akahesabu kwa vidole, akasema basi mwanzo wa mwezi wa kumi utakuwa na mtu mkononi, nami nikaenda nyumbani siku hiyo nikakipaka kile chumba kidogo udongo mpya. Mwezi wa kumi ukafika, ukaendelea mbele, jua lile la kungoja mvua, ardhi imepasuka, watu wanasafisha mashamba, na hakuna kitu, tumbo limekaa juu kama lilivyokuwa, na kule mtoni wanawake wanamwuliza, "Bado?" na yeye ndani ya shimo la mchanga, ameshuka mwenyewe na tumbo limemtangulia, anachota maji kwa kibuyu na kujaza debe la punda, anawajibu kutoka kule chini, "Bado. Anasema bado anafunga mzigo," wanacheka, wanatwika maji, na wakishafika mbali kidogo hawacheki tena, nawaona wanageuza shingo, najua wanasema nini, wanasema mtoto wa nyumba ile hatoki kwa sababu nyumba ile ilianza kinyume, mwanamke kumwoa mwanamke.

Siendi popote, anasema… na ni kweli, huyu hapelekwi mahali asipotaka, hata kwangu hakuletwa, alikuja, maana huyu msichana sikumzaa, wala hakuolewa na mwana wangu, mwana sina, sikujaliwa hata mmoja, nilikwenda kumposa mimi mwenyewe Kalunde, aje awe iweto wangu, mke wa kuolewa na mwanamke, azae ndani ya nyumba yangu ili jina la Kivuva, mume wangu, lisizimike, wazee wetu walifanya hivyo na hakuna aliyeona ajabu, siku hizi ndio watu wanakutazama. Kivuva wangu hakunifukuza kwa utasa, ndugu zake walimwambia oa mwingine, akawaambia mimi nafanya kazi ya reli kule Makindu, nikija nyumbani nataka kulala, sitaki kukata kesi za wake wawili, akacheka, kifua kikamshika mwaka wa pili baada ya Uhuru, akaenda, nikabaki na nyumba isiyo na sauti na lile shamba jeusi kando ya mto, na Kiema, ndugu yake, akaanza kuchunga ng'ombe upande wetu wa mpaka, kila msimu anaingia kidogo, kila msimu mti mwingine unajikuta uko kwake. Ndipo nikaenda Kasikeu, kwao Mbinya. Nilivaa koti la reli la Kivuva, na joto lile, kwa sababu sikujua mtu anayekwenda kuposa anavaa nini, nikakaa mbele ya baba yake nikasema maneno yangu, na baba akawa anafikiria mbuzi na ng'ombe, naye Mbinya akatoka jikoni, hajaitwa, mikono ina unga, akanikazia macho, akaniuliza, "Maji yako mbali?" Nikamwambia si mbali, mto uko chini ya shamba. "Una hasira?" Nikamwambia ninayo, ya asubuhi, kufika saa nne imekwisha. "Na nikiugua utanifanyaje?" Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo, nikamwambia nitakuuguza. Baba yake akakohoa, ati msichana haulizi hivyo, na yeye akasema, "Baba, mimi ndiye nitakaa huko. Nitaenda kuona kwanza," akaja kuona, wiki nzima, alilitembea shamba lote kwa miguu, akaonja maji, akaingiza mkono ghalani akatoa mahindi akayanusa, na siku ya kuondoka akaniambia, "Nitarudi, mwaitu, lakini hiyo ghala imekaa mahali maji ya mvua yanapita, ndiyo sababu ina fukusi," na aliporudi aliihamisha yeye, nguzo kwa nguzo, mimi nikimpa kamba… na kanisani waliponiita, wazee wakasema jambo hili haliko katika Kitabu, Kalunde hataifikia Meza ya Bwana mpaka atengeneze mambo yake, nilirudi nyumbani nikalala kitandani mchana, mimi niliyefagia kanisa lile tangu lilipokuwa la nyasi, na Jumapili iliyofuata Mbinya akanitolea nguo yangu nyeupe akasema, "Wamesema tusile. Hawajasema tusiimbe," tukaenda, tukakaa benchi ya nyuma, na akaimba, aliimba kwa sauti mpaka wa mbele wakapotewa na sauti yao wakaifuata ya kwetu… sijui msichana huyu anatoa wapi, mimi nimeishi umri huu wote nikiomba ruhusa.

"Inakuja," anasema Mbinya, na kicheko kimekatika, shingo inasimama, anashika chuma cha kitanda kwa ule mkono ulio huru, na mimi nabonyeza, nabonyeza kitu nisichokijua, mwili wangu haujawahi kupita njia hii, nauona uchungu unavyompanda kwa mgongo chini ya ngumi yangu, nyama zinakuwa ngumu kama udongo wa kiangazi, Sista anasema, "Pumua mama, usiukimbie, pumua nao," na Mbinya anapumua, fuu, fuu, hapigi kelele, si kwamba hapana uchungu, kidole cha mguu kimejikunja mpaka kimekuwa cheupe… hivi ndivyo alivyokuwa siku ile ya Kiema, meno yameumana na macho yametulia. Kiema alikuja wiki iliyopita asubuhi, akakaa kwenye kiti cha Kivuva bila kukaribishwa, fimbo katikati ya magoti, akasema, "Kalunde, huyo mtoto hatoki kwa sababu hajui anaitwa na nani. Mtoto huitwa na sauti ya baba. Sasa hapa kuna baba gani? Mrudishe huyu Kasikeu kabla hajafia mikononi mwako, halafu sisi ndio tutaulizwa." Nami nilishikwa na baridi, kwa sababu neno lile nilikuwa nimelifikiria mwenyewe, mimba ilipoingia sikumwuliza Mbinya ni ya nani, desturi haiulizi, ni ya Kivuva, yamekwisha, lakini siku za mwezi wa kumi zilivyozidi kwenda nilianza kujiambia labda huyu mtoto naye anauliza. Mbinya alikuwa chini, anachagua mbegu za ndengu kwenye ungo, akaweka ungo kando, akajiinua kwa mkono mmoja, polepole, unajua mtu wa tumbo vile anavyoinuka, akaenda akasimama mbele ya Kiema karibu sana mpaka Kiema akarudisha kichwa nyuma, akamwambia kwa heshima, hakupandisha sauti, "Baba, wewe ni ndugu ya mwenye nyumba hii. Sauti unayo. Mwite basi." Na wakati uleule tumbo likacheza, leso ikaruka, Kiema akaona kwa macho yake, akafungua mdomo, mdomo ukabaki wazi hivyo, mtu aliyehutubia baraza za chifu miaka yote ile, hakuna neno lililotoka, akachukua kofia yake, akaenda. Mbinya akarudi kukaa, akavuta ungo. Akazitoa mbegu mbovu zote hadi ya mwisho.

Sasa umemwachilia tena, anashusha pumzi, Sista anampangusa paji la uso kwa kitambaa, wanaongea kitu, sisikii vizuri, "…ukishafunguka vidole vinne tunaenda chumba kile…" na Mbinya anauliza, "Na ukiona umezidi unaweza kufunga?" Sista anamwonyesha kile kigurudumu tena, "Ndiyo, mama, nilikuonyesha asubuhi, nikifunga hivi, matone yanasimama, uchungu unapungua," na Mbinya anatikisa kichwa, ameridhika, mtu mwingine angeuliza nitakufa au sitakufa, yeye anauliza mlango wa kutokea uko wapi… ndivyo alivyomwuliza Susu Mbula pia. Susu Mbula, bibi yetu mkunga, aliwapokea watoto wote wa upande wetu, Kiema mwenyewe alimpokea, na baada ya maneno yale ya Kiema nilikwenda kumwita bila kumwambia Mbinya, nikamwambia Susu, mtoe mtoto wangu, na akaja na mizizi yake ndani ya kitambaa, akachemsha, nyumba ikajaa harufu chungu, akamimina kwenye kikombe, na mimi nikakishika kikombe kile nikampelekea Mbinya kwa mikono miwili. Akakipokea. Akakinusa. Akamwuliza, "Susu, mtu akishakunywa hii na uchungu ukawa mkali sana, unaweza kuupunguza?" Bibi yule akamtazama muda, angeweza kudanganya, ni mzee, nani angemwuliza, lakini akasema, "Ikiingia imeingia, mjukuu wangu. Hairudi." "Umewahi kuona ikiharibu?" Susu akaangalia moto. "Nimeona." Mbinya akaweka kikombe chini taratibu asimwage hata tone, kama mtu anayeweka kitu cha watu, akasema, "Basi asante, Susu, lakini mimi nataka ile ambayo inaweza kufungwa," na mimi nikakasirika, nikapandwa na hasira, nikamwambia mtoto wangu atafia tumboni mwako kwa ukaidi wako, nilisema hivyo, mtoto wangu, tumboni mwako, na Susu Mbula ndiye aliyenigeukia, "Kalunde, nyamaza. Huyu ana akili kuliko sisi wawili. Mpeleke hospitali, Mutomo."

Na kwenda Mutomo napo si hapo na hapo, gari la misheni lilikuwa halirudi mpaka mwezi ujao, tukapata lori la Nzuki la mbuzi, anapeleka mbuzi sokoni, Nzuki akampa kiti cha mbele, Mbinya akajaribu kukaa akasema hapana, kukaa kunamkunja mtoto, atasimama, akapanda nyuma pamoja na mbuzi, na mimi nikapanda naye, tungefanyaje, barabara ile na mawe yake, kila shimo nilifunga macho, na yeye ameshika vyuma, miguu ameitanua kama mtu anayelima, mbuzi mmoja akaanza kuitafuna leso yake, akamwachia, akasema, "Wacha ale, huyu leo ndiyo siku yake ya mwisho," kisha akageuza uso upande wa vilima, nikamwona anapangusa jicho haraka, nikajua anaogopa, nikajua ameogopa siku zote hizi, mtoni, mbele ya Kiema, mbele ya kikombe, na ameibeba hofu hiyo kimya kama alivyobeba tumbo, bila kunipa mimi hata upande mmoja nishike… kwa nini sikushika? Nilikuwa nashika tumbo. Ndiyo. Kila jioni nyumbani nilikuwa naweka mkono kwenye tumbo nauliza hajambo, anacheza, na yeye ananijibu anacheza, mwaitu, na sikumbuki, hapa nimesimama najaribu kukumbuka, sikumbuki jioni hata moja niliyouliza na wewe je. Jana walimpa mafuta ya mbarika, kikombe kizima, alikunywa uso umekunjamana akasema hii hata mashine ingezaa, wakamsafisha tumbo, wakamwogesha maji moto, wakamwambia atembee, akatembea wodi nzima, akambebea huyu wa kitanda cha pili mtoto wake ili alale, na mtu aliyekuwa anasubiri wake akimbembeleza wa mwenzake, nilimtazama nikashindwa kula chakula. Uchungu haukuja. Leo asubuhi daktari akampapasa, akasema maji yamebaki kidogo na lile kondo la nyuma limezeeka, halimlishi mtoto vizuri tena, hatungoji, wakavunja chupa ya uzazi, na maji yaliyotoka yalikuwa kidogo kweli, na yalikuwa na ukijani, niliona macho ya Sista yakitafuta macho ya daktari. Daktari akatuambia wazi, tutamwekea dripu uchungu uanze, ikiwa njia itafunguka vizuri atazaa, na mtoto akichoka kabla hajafika tutampasua mama tumtoe, na wakati anayasema hayo mimi nilikuwa tayari naomba, nilifunga macho palepale, Bwana, nipe mtoto, Bwana, jina la Kivuva, Bwana, mtoto…

"Nyanya, sogea kidogo," Sista ananiambia, ana kile chombo cha mbao kama tarumbeta ndogo, anakiweka tumboni na kuweka sikio, ametulia, wodi yote nayo inatulia, nasikia kuku huko nje, nasikia mtu anasukuma ndoo, na huu hapa uchungu mwingine unaanza, mkubwa kuliko ule, Mbinya anaingiza kichwa ndani ya mto, na Sista haondoi sikio, anatazama saa yake, uso wake haubadiliki na ndiyo sababu naogopa, uso wa mtu anayeamua usibadilike, uchungu unapanda, unakaa, unaanza kushuka, na bado anasikiliza, kisha mkono wake unakwenda kwenye ule mpira bila kuangalia na unakifunga kigurudumu, matone yanakuwa moja moja, yanasimama. "Mama, lala upande wa kushoto. Pole pole. Hivyo." "Umefunga," anasema Mbinya. "Nimefunga kidogo. Mtoto ameshtuka na huo uchungu, mapigo yameshuka. Tunampa nafasi apumzike." Nasikia mapigo yameshuka, nashika kitanda, nangoja lile ombi langu lije, lile lile, nipe mtoto, nimeliomba tangu nilipokuwa msichana, linajua njia lenyewe, na halitoki, nalitafuta na halipo mdomoni, kilichopo ni kitu kingine kabisa, ni mikono yenye unga kule Kasikeu, ni ghala inahama nguzo kwa nguzo, ni sauti ya benchi ya nyuma, ni mtu aliyeniuliza nikiugua utanifanyaje, na nikamjibu, na nikasahau… Bwana, huyu. Huyu hapa. Mwache huyu. Mimi nilijiona nangoja mtu aingie nyumbani kwangu, nikapaka chumba udongo, na mtu alishaingia mwaka juzi na mzigo wake kichwani, na ameketi na mimi kila jioni, na nyumba yangu ina sauti, ilishaanza kuwa na sauti, sikuwa nimesikia kwa sababu nilikuwa nasikiliza tumbo. Kiema akija, na atakuja, nikirudi na mtoto au nisirudi naye, atatukuta wawili, na harudi mtu Kasikeu, hiyo ni nyumba ya Mbinya, hata mbingu zikianguka ni yake, nitamwambia chifu, nitawaambia wazee wa kanisa, nitamwambia yeye mwenyewe kwanza…

Mbinya amegeuza kichwa, ananiangalia, na ni yeye anayeniambia mimi, "Usiogope, mwaitu," midomo imekauka, na mkono wake huru unatambaa juu ya shuka unanitafuta, na Sista ameinama tena na ile mbao yake, anasikiliza, anasikiliza, bega lake linashuka kidogo, na anasema, "Huyo. Amerudi. Anapiga vizuri sana sasa," ananiita, "njoo, nyanya, weka sikio hapa," nainama, naweka sikio kwenye mbao, mwanzo sisikii ila damu yangu mwenyewe, kisha nasikia, haraka haraka, mbali, kama kile kiberenge cha reli Kivuva alichokuwa anakuja nacho akikagua njia, unakisikia kabla hujakiona, tiki tiki tiki tiki, na machozi yananitoka, lakini jicho langu liko kwa Mbinya, liko kwenye mshipa wa shingo yake, naangalia huo nao unapiga. "Tutaanza tena pole pole," anasema Sista, na kigurudumu kinazunguka nusu, tone, kisha kingine, na kingine, dirishani jua ni lile lile, yule wa kitanda cha pili ananyonyesha, hakuna kilichosogea, njia bado, daktari hajaitwa, hajulikani atazaa hapa au watampasua, na nimerudi nyuma yake nimeweka ngumi mahali pake. "Mbona umenyamaza hivyo?" ananiuliza, sauti iko chini, imechoka, "unafikiria nini?" na mimi si mtu wa kusema, sikumwambia hata Kivuva, natafuta maneno nayaona yote ni makubwa mno, nasema, "Nakufikiria wewe." "Mimi? Si mtoto?" "Wewe, Mbinya. Wewe unasikiaje?" Haniangalii, amelalia upande ule, naona sikio tu na shavu lililolowa, na mgongo wake wote, uliokuwa umesimama imara tangu tulipotoka Kanyangi, unalegea chini ya mkono wangu, na anasema, kwa sauti ya mtoto mdogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Inauma sana, mwaitu. Inauma sana," na namwambia najua, kisha namwambia hapana, sijui, niambie, na anaanza kuniambia, na uchungu mwingine unaanza kupanda…